Pampu ya Chama ni ya Nani?

(Hotuba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Habari za maghala na mizani zimekwisha elezwa na wenzetu. Sisi tumepewa kusema juu ya mafuta, kwa kuwa alasiri hii mtatakiwa kupiga kura juu ya pampu.

Mkulima wa mpunga wa Usangu hana haja ya kufundishwa thamani ya dizeli. Pawatila yake ikisimama juma moja katika majira ya kulima, msimu umemponyoka. Na jambo la kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba tangu mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lapita katika nyanda zetu, na mitambo ya kuyasukuma mafuta imo Iringa na Mbeya; nasi twanunua lita moja kwa bei ipitayo ile ya Dar es Salaam.

Sasa kampuni moja, ambayo hatutaitaja, iko tayari kutuchimbia tangi na kutuwekea pampu uwanjani petu bila malipo. Ni ukarimu mkubwa. Lakini kifungu cha 4 cha mkataba chasema tutanunua kwake peke yake kwa miaka 15, na cha 9 chasema kwamba bei na saa za kufungua ataziamua yeye. Basi tukajiuliza: pampu hiyo itakuwa ya nani?

Swali hili si geni duniani. Katika jimbo la Maryland, Marekani, wakati wa uhaba wa mwaka 1973, vituo vilivyoendeshwa na wasafishaji mafuta vilionekana kupendelewa, na wauzaji wengine wakapungukiwa. Mwaka 1974 jimbo likatunga sheria ya kuwakataza wachimbaji na wasafishaji wa mafuta wasiendeshe vituo vya rejareja. Exxon ilipeleka shauri, ikashindwa katika mahakama ya juu kabisa ya nchi mwaka 1978. Afrika Kusini nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, ilimkataza mwenye leseni ya kusafisha au ya kuuza kwa jumla asishike leseni ya rejareja, ila kwa ajili ya mafunzo. Na ikaweka adhabu ya faini hadi randi 1,000,000, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili.

Kwetu mpaka huo haukuwekwa. Kiwanda cha TIPER, kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1966, kilikuwa kimeacha kazi hiyo kufikia mwaka 2000, na kampuni nyingi ziagizazo mafuta zina vituo vyake zenyewe. Hata hivyo hatukuachwa bila ngao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mapatano ya kupanga bei na matumizi mabaya ya nguvu sokoni. Ilipotungwa iliweka faini isiyopungua sehemu 5 wala kuzidi sehemu 10 katika mia ya mauzo ya mwaka. Kama kifungu cha 9 chaingia humo, hilo ni la wanasheria na Tume ya Ushindani. EWURA nayo hutangaza bei kikomo tangu mwaka 2009, na muuzaji aweza kuuza chini yake kwa kadiri ya kanuni. Uhuru huo nao tungeuuza.

Mwaka 2011, EWURA iliposhusha bei na pampu nyingi zikafungwa, BP Tanzania ilisimamishiwa leseni kwa miezi 3, ingawa Serikali yenyewe ilikuwa na nusu ya hisa. Adhabu ni jambo jema, lakini huja baada ya lori kukosa kupakia.

Halmashauri yashauri mkataba urudishwe: miaka 3 badala ya 15, bei tuipange wenyewe, na mafuta yakichelewa siku 7 tuwe na ruhusa ya kununua kwingine. Wajumbe wawili hawakukubali. Walisema tangi la bure halikataliwi, na hatuwezi kuwadharau, maana akiba yetu haitoshi kujenga la kwetu msimu huu.

Nakala za mkataba ziko mezani kwa Karani. Asiyejua kusoma asomewe kifungu cha 4 na cha 9 kabla ya kupiga kura.