Sikiliza Mwenyewe, Kisha Andika

*Hotuba juu ya redio ya masafa mafupi, iliyosomwa mbele ya vijana wa tawi. Tumeipiga chapa nzima kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ukumbini.*



Nimeombwa niseme juu ya mchezo. Kijana mmoja ameniuliza hapo nje, "Mzee, nchi ina kazi nyingi, nawe waja kutuambia habari za kuchezea redio?" Swali lake ni la haki, wala sitalikimbia. Lakini kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wengi wadhani ni kufungua redio huku mtu apiga pasi.

Msikilizaji ninayemsema hukaa na daftari na saa. Huzungusha kitufe polepole kwenye masafa mafupi, akitafuta sauti iliyo mbali. Akiipata huandika tarehe, saa, namba ya masafa, na maneno aliyoyasikia. Kisha huipelekea stesheni ile barua ya taarifa. Stesheni ikilinganisha taarifa na kumbukumbu zake, ikaona ni kweli, humrudishia kadi ya kuthibitisha, iitwayo QSL. Wako watu Ulaya, Japani na Marekani wenye masanduku yaliyojaa kadi hizo, na kila moja ni ushahidi kwamba siku fulani, saa fulani, sauti ya nchi fulani ilifika masikioni mwao.

Sasa mjue kwamba hata masafa mafupi yenyewe yalithaminiwa kwa sababu ya watu wa namna hii. Mwaka 1912 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya redio. Wenye nguvu, yaani jeshi la majini na makampuni, walishika mawimbi marefu, kwa kuwa siku zile yalidhaniwa ndiyo peke yake yafikayo mbali. Watu binafsi, waliojiundia vyombo nyumbani, wakasukumwa kwenye mita 200 na chini yake, mahali palipohesabiwa kuwa hapana faida. Ilikuwa sawa na kumgawia mtu shamba la mawe. (Mgawo wa namna hiyo sisi hatuna haja ya kuelezwa.)

Watu wale hawakunung'unika wakaacha. Desemba 1921 chama chao kilimtuma Paul Godley avuke bahari mpaka Ardrossan, Scotland. Akakaa ndani ya hema katika baridi, waya mrefu umetandazwa juu ya nguzo, akasikiliza usiku kwa usiku. Akazisikia stesheni za wenzake zaidi ya 20 kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy, aliyekuwa Nice, Ufaransa, akapelekeana maneno kwa alama za Morse na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, kwenye mita kama 100 tu. Hapo wakubwa wakarudi mbio kulitazama lile shamba la mawe. Miaka michache baadaye mataifa yalikuwa yakisema na makoloni yao kwa mawimbi hayo hayo. BBC ilianza matangazo yake kwa dola ya Kiingereza tarehe 19 Desemba 1932.

Sababu ya sauti kufika mbali hivyo iko juu ya vichwa vyetu. Jua huichoma hewa nyembamba iliyo juu sana, kuanzia kama kilomita 60 na kupanda mamia, ikawa tabaka lenye umeme, nalo huitwa ayonosfea. Mwingereza Edward Appleton aliithibitisha mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Wimbi fupi hupanda, likapindwa na tabaka hilo, likarudi chini mbali kabisa, kama mpira uliodundishwa darini. Ndiyo maana mchana hutafuta mita 19 au 16, na usiku ukiingia hushuka mita 31, 41 na 49. Ndiyo maana pia aliye mbali sana husikia, na aliye karibu kidogo akakosa, kwa sababu sauti imempita juu ya kichwa.

Mfano tunao wetu wenyewe. Redio ya Unguja, kutoka mitambo ya Dole, imesikika miaka mingi kwenye kilohezi 11735, ndani ya mita 25. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wameijua kwa taarab yake; wamekesha wakiisubiri na wameiandikia barua, wengine bila kujua neno moja la Kiswahili. Je, wangapi humu ukumbini wamepata kuitafuta namba hiyo? Naona mikono miwili. Haya.

Nije kwa kijana wangu wa nje. Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuziwa redio ndogo ya betri, ya mviringo, ya buluu, ambayo gamba lake lilifanana na sufuria, na kwa jina hilo ikajulikana. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilidumu kama saa 300. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni, ndiye aliyehangaika mpaka ikapatikana, kwa nia ya kuwapelekea Waafrika maneno ya serikali. Lakini redio ya masafa mafupi haina adabu ya kumsikiliza bwana mmoja. Kitufe kile kile kinacholeta stesheni ya serikali, ukikizungusha kidogo, chaleta nyingine.

Hata huku kwetu ilikuwa hivyo. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na watu wakaisikiliza kwenye mabaraza na migahawa ya kahawa. London ikafuata tarehe 27 Juni 1957, Peking mwaka 1961, na Cologne, Ujerumani, mwaka 1963. Mtu aliyekuwa na redio moja baina ya watu kumi akapata jambo ambalo baba yake hakuwa nalo: kusikia habari moja ikisemwa na watu wasiopendana. Wale waliokuwa msituni Kenya, huku waliitwa magaidi, kule wakaitwa wapigania uhuru. Msikilizaji mvivu alichagua stesheni iliyompendeza akabaki nayo. Msikilizaji mwenye akili alizisikia zote mbili, akajiuliza kila moja imesema nini na imenyamazia nini. Huko kunyamaza ndiko kunakotaka daftari, maana neno lililosemwa hukaa kichwani lenyewe, lakini neno lisilosemwa hulioni mpaka uweke karatasi mbili kando kando. Jaribuni juma hili: chukueni habari moja, stesheni tatu, safu tatu katika ukurasa mmoja. Mtaona. Wala msizisamehe zile mnazozipenda.

Taarifa nayo ni kazi ya ukweli. Kuna hesabu ya tarakimu tano, iitwayo SINPO, kila moja kati ya 1 na 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na stesheni nyingine, kelele za hewani, kupanda na kushuka kwa sauti, na mwisho hali yote kwa jumla. Nimeona watu huandika 55555 ili kumfurahisha mwenye stesheni apate kuwapa kadi. Huo ni upuuzi. Fundi wa mitambo ataka kujua kama mawimbi yake yafika au hayafiki. Ukimdanganya atageuzia eriali yake pabaya. Tena usimwandikie kwamba kipindi kilikuwa kizuri. Mwandikie kwamba saa 18.10 alisema mwanamke, saa 18.14 ulipigwa wimbo wa udi na fidla. Hilo haliwezi kubuniwa.

Na saa hizo ni za Greenwich, ambazo siku hizi huandikwa UTC. Sisi wenye saa ya Kiswahili tuna njia nyepesi: saa za mchana ongeza 3, saa za usiku ongeza 15. Saa 4 asubuhi ni 7. Saa 3 usiku ni 18. Ikifika saa 9 usiku, hapo ndipo siku yao mpya inaanza, nawe angalia tarehe yako.

Mkiona nasisitiza mno usahihi, sikilizeni hili. Katika vita vya 1939 hadi 1945, stesheni ya Ujerumani ilikuwa ikisoma katikati ya propaganda zake majina ya askari wa Kimarekani waliotekwa, pamoja na anwani za makwao. Ilifanya hivyo ili watu wavumilie kuisikiliza. Wasikilizaji wa masafa mafupi huko Marekani, watu wa kawaida, wakaandika majina yale na kupeleka postikadi kwa familia wasizozijua: mwanao yu hai, nimesikia jina lake usiku huu. Serikali yao iliwaonya wazazi wasiamini kila litokalo kwa adui, na ilikuwa haki kuonya. Hata hivyo mama aliyepata kadi kumi kutoka miji kumi, zote zimetaja jina lile lile na mtaa ule ule, alikuwa na la kushikilia. Kama mmoja angeandika jina vibaya, mama mwingine angelia bure.

Watu husema simu ya mkononi imemaliza mambo haya. Kweli, stesheni nyingi zimezima mitambo: Kanada na Uholanzi mwaka 2012, Sauti ya Urusi mwaka 2014. Mimi nawasikitikia kwa kuona haraka gharama ya mtambo kuliko faida yake. Simu hupata habari kupitia mnara wa kampuni, na mnara una mwenyewe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Machi 2022, vita vilipoingia Ukraine, BBC ikarudi kwenye masafa mafupi, muda wa saa 4 kila siku, kwa ajili ya watu wa huko. Masafa mafupi nayo huvurugwa kwa kelele za makusudi, sikatai. Lakini kazi hiyo yataka mitambo mikubwa, na msikilizaji huijua mara moja anapoisikia.

Vifaa ni vichache. Redio yoyote yenye SW, hata ya zamani ya babu. Waya wa shaba wa mita 10, kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe. Ufungue wakati wa radi, tafadhali. Adui mkubwa wa leo ni taa hizi za kisasa na chaja za simu, ambazo hunguruma juu ya kila kitu. Kwa hiyo umeme ukikatika mtaani msilaani. Kimbilieni redio ya betri, maana hakuna usiku mzuri kama huo.

Ndugu Mwenyekiti ameniachia nusu saa ya mwisho. Mwenye swali asogee hapa mezani, na mmoja wenu azime hizo taa za ukumbi. Saa yangu yasema 2.55 usiku. Andikeni 17.55, tuanze na mita 25.