Mgongo wa Kamera ya Fomati Kubwa: Upimaji, Marekebisho na Tahadhari kwa Mafundi na Watunzaji

Utangulizi

Washiriki wa semina hii hawahitaji kuelezwa kwa kirefu kamera ya fomati kubwa ni nini. Lenzi iko mbele, mvukuto katikati, mgongo nyuma. Filamu huwekwa kipande kimoja kimoja, cha inchi 4 kwa 5, 5 kwa 7 au 8 kwa 10. Mpiga picha hutafuta fokasi kwenye kioo chenye ukungu, kisha kasha la filamu huchukua nafasi ya kioo hicho. Skrubu zilizoshika kutu, springi zilizolegea na mbao zilizopinda zina tiba zinazojulikana.

Tatizo lenyewe

Lisilozingatiwa, na ambalo mtoa mada amepambana nalo kwa miaka, ni mahali kioo kinapokaa. Upande wake wenye ukungu lazima uelekee kwenye lenzi na ukae pale pale filamu itakapokaa. Kwa makasha ya inchi 4 kwa 5, kiwango cha Marekani ni kina cha inchi 0.197, yaani milimita 5, na hitilafu inayovumilika ni inchi 0.007 tu. Ukitoa unene wa filamu, takriban milimita 0.18, kioo kinatakiwa kiwe milimita 4.8 kutoka kwenye uso ambao kasha huegemea.

Mfano mzuri ni Speed Graphic, kamera iliyotengenezwa na Graflex huko Rochester, New York, kuanzia mwaka 1912 hadi 1973, na iliyobebwa na waandishi wa habari wa Marekani kwa miongo kadhaa. Mwaka 1949 ulikuja mgongo wa Graflok, ambao fremu ya kioo chake huondolewa ili kupisha vifaa vingine. Baadhi ya migongo hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na lenzi bapa ya Fresnel mbele ya kioo, ya kuongeza mwanga pembeni, na kitako cha kioo kilichongwa kwa kuzingatia unene wa Fresnel hiyo. Mingine haikuwa nayo.

Hapo ndipo balaa huanzia. Mtu huona taswira hafifu, hununua Fresnel ya plastiki na kuichomeka mbele ya kioo katika mgongo usiotengenezewa kitu hicho. Plastiki ya milimita 1.5 husukuma kioo nyuma kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuwa plastiki hupinda mwanga, theluthi moja ya kosa hufidiwa na milimita 1 hubaki. Mwingine huiondoa Fresnel ya kiwandani kwa sababu imekwaruzika, asijue kwamba amevuruga fokasi kwa upande wa pili.

Milimita 1 inaonekana ndogo. Lakini kwa lenzi ya milimita 127 iliyofunguliwa hadi f/4.7, mtu akiwa umbali wa mita 1.5, ukali wa picha hurudi nyuma kwa zaidi ya sentimita 12. Fokasi imewekwa machoni, negativu inaonyesha masikio. Kwenye f/22 kosa hilo hilo humezwa na kina cha fokasi, na ndiyo maana kamera mbovu hupita mikono mingi bila kushtukiwa, huku lawama zikiangukia lenzi. Inasikitisha kuona lenzi nzima zikifunguliwa kutafuta ugonjwa ambao haumo.

Mapendekezo

Taasisi zinazotunza kamera hizi zina haki ya kuzuia mikono isiyo na kibali, na mada hii haipingi hilo. Ila kupima hakuharibu kitu. Fundi na apime kwanza, kwa kalipa yenye ulimi wa kina, kwenye pembe zote nne za kioo na ndani ya kasha lenye kipande cha filamu ya kutupa. Kisha apige picha ya rula iliyolazwa kwa mshazari, lenzi ikiwa wazi kabisa, na kulinganisha negativu na tarakimu aliyoilenga.

Kioo kikiwa karibu mno na lenzi, vipande vya karatasi nyembamba chini ya pembe zake vinatosha. Kikiwa mbali mno, itafutwe Fresnel iliyoongezwa. Kitako kisichongwe wala kupigwa msasa. Kilichoondolewa hakirudi, ilhali karatasi hutolewa. Anayetaka mwanga zaidi aweke Fresnel nyuma ya kioo, upande wa jicho, ambako haigusi fokasi. Fresnel ya kiwandani isiondolewe bila kupima. Kioo kipya kiwekwe ukungu ukitazama lenzi, nacho kipimwe.

Vipimo vya kabla na baada viandikwe kwenye daftari la kamera pamoja na tarehe, ili fundi ajaye asianze upya.

Inapendekezwa pia, kwa msisitizo, kwamba lenzi isifunguliwe kabla mgongo haujapimwa. Washiriki waliokuja na kamera zao wanaombwa wazipime leo, kabla semina haijafungwa.