Mzigo Usiopandishwa Mizanini
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa sikukuu ya miaka kumi)



Mwenyekiti amekwisha kuwaeleza habari za ghala, za mashine na za deni lililolipwa, nasi hatuna la kuongeza. Tumepewa dakika chache, na tumeona tuzitumie kunena juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lolote la chama, nalo ni uchovu wa moyo wa mkulima, na wa mtumishi wake pia.

Huenda wengine wakaona kwamba hilo si neno la mkutano wa ushirika. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka ulipotupata msimu mmoja ambao hatutausahau.

Msimu ule malipo ya pili yalichelewa. Kahawa ilikuwa imekwisha kuuzwa mnadani, lakini fedha hazikuwa zimefika, na kila asubuhi wanachama walikaa barazani wakitungoja. Mwenye mtoto wa shule alikuja, mwenye mgonjwa alikuja, nasi hatukuwa na jibu. Tukaanza kufika ofisini kabla ya mapambazuko na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani tuliwakemea watoto bila kosa. Chakula hakikupita kooni, na usiku tulihesabu mafungu ya watu kichwani hata jogoo akawika. Hatukumwambia mtu. Tulijisemea kwamba katibu asiyeweza kustahimili hafai kuwa katibu.

Mwisho wa mwezi hesabu zikakataa kulingana. Tofauti ilikuwa kilo 54. Kila karani aliyefundishwa kazi anajua kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa bila kubakiza kitu mara nyingi hutokana na tarakimu mbili zilizobadilishana mahali. Lakini kwa uchovu hata hilo halikutujia, tukapekua madaftari siku tatu. Aliyeliona kosa ni mzee mmoja aliyekuja na stakabadhi yake ya kilo 171, akatuonyesha mahali tulipomwandikia 117. Tulingoja atugombeze, maana ilikuwa haki yake. Akatutazama kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe unalala?"

Tukaenda kuketi naye nyuma ya ghala, tukamweleza yote. Naye akatueleza ya kwake: kwamba bei ilipoanguka mwaka 2001 aliacha kwenda misibani, kwa aibu ya kufika mikono mitupu. Mtu mzima, mwenye shamba safi kuliko mashamba yote ya kijiji, akajificha kwa majirani zake miezi mingi.

Aibu ile ndiyo hasa tuliyokusudia kuisema leo, kwa kuwa tunaamini imo katika nyumba nyingi za wanachama wetu. Tumezoea kujipima kwa bei. Mwaka bei ikipanda tunatembea kifua mbele, na ikishuka tunajiona hatuna akili wala baraka. Lakini hebu tuangalie bei hizo zilitoka wapi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ikapita dola 3 kwa ratili. Waliojenga nyumba za bati wakati ule walisaidiwa na baridi ya nchi wasiyoijua. Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuafikiana, na mafungu ya mauzo yaliyoanzishwa na Mapatano ya mwaka 1962 ili kulinda bei yakasimamishwa, bei ikaporomoka. Mwaka 2001, kahawa ikiwa imejaa sokoni, bei ilikwenda chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Je, mzee wetu alikosa nini mwaka ule? Alipogoa kwa wakati, alipiga dawa ya chulebuni, alichuma zilizoiva tu, akaosha na kuanika ipasavyo. Kazi iliyo yake aliimaliza. Yaliyobaki yaliamuliwa mbali na shamba lake, na hayakumpunguzia utu wake hata chembe.

Hatusemi haya ili mtu akunje mikono. Mwenye kuchanganya mbichi na mbivu asije akasingizia baridi ya Brazili. Twasema tu kwamba yatupasa kutenganisha lililo letu na lisilo letu, kama tunavyotenganisha madaraja ya kahawa, na kuyasamehe makosa yetu baada ya kuyasahihisha. Kosa la kilo 54 tulilisahihisha kwa wino mwekundu, tukatia sahihi, na hesabu ikaendelea. Kwa nini mtu ajihukumu maisha yake yote kwa mwaka mmoja mbaya?

Mwili nao una haki yake. Usingizi ni wa kwanza. Wengi hutafuta usingizi katika pombe, na kweli pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku wa manane akiwa amechoka kuliko alivyolala, na mfuko umepungua. Tena kuna jambo ambalo sisi wauza kahawa hatupendi kulitangaza: kikombe cha kahawa cha jioni hukaa mwilini muda mrefu, na baada ya saa tano hivi nusu ya nguvu yake ingali damuni. Kunyweni asubuhi, ndugu zetu, mnywe kwa wingi, na ikiwezekana iwe yetu.

Akina mama tunawataja peke yao. Wao huchuma pamoja nasi, kisha jua likitua sisi tunakaa, wao wanaanza kazi ya pili. Mume anayemwambia mkewe apumzike, na asishike hata ndoo, hajampumzisha.

Tunaongeza neno moja zito. Dawa tunazopiga mashambani ni sumu, na mtu aliyeelemewa anaweza kuishika chupa katika saa moja ya giza ambayo asubuhi angeijutia. Nchi ya Sri Lanka, kuanzia miaka ya 1990, ilipiga marufuku sumu kali zaidi za mashamba, na katika miaka iliyofuata vifo vya kujiua vikapungua kwa zaidi ya nusu. Basi dawa zisikae uvunguni mwa kitanda. Zifungiwe, na kasha la kufuli lililo ghalani ni la kila mwanachama. Na anayepita wiki mbili hana usingizi, hana hamu ya chakula wala ya kazi, au anayeona afadhali afe, apelekwe zahanati au hospitali kama angepelekwa mwenye homa, wala asiachwe peke yake njiani.

Kwa upande wa ofisi, Halmashauri imekubali mambo mawili. Kila Jumatatu habari za malipo zitabandikwa ubaoni, hata kama habari yenyewe ni kwamba fedha hazijafika. Kungoja bila kujua kunachosha kuliko kungoja. Na baada ya msimu kila mtumishi atachukua likizo yake yote, katibu akiwamo. Tumekwisha kuanza kutumia mlango wa mbele.

Mzee wetu yule yumo humu ndani, ingawa ametukataza kumtaja jina. Msimu uliopita alikuja kuchukua malipo yake, akauliza kama kawaida yake iwapo tunalala. Tukamjibu kwamba siku hizi tunalala vizuri. Akafurahi, akatushika mkono, kisha akaketi barazani akazihesabu fedha zake mara mbili.