Kabla ya Kuandika "Hakuna Aliyetafiti": Stadi za Kutafuta Taarifa kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu



Naomba nianzie kwenye sentensi ambayo kila msimamizi aliyemo humu ameisoma: "Mada hii haijafanyiwa utafiti wa kutosha." Huwa inakaa mwishoni mwa mapitio ya maandiko, na tasnifu nzima huegemezwa juu yake. Mwanafunzi akiandika kwamba bei ya mahindi imepanda tunamdai takwimu. Akiandika kwamba hakuna aliyewahi kugusa mada yake tunamwacha apite. Hatumuulizi ametafuta wapi, lini, na kwa maneno gani. Hoja yangu ni kwamba pengo la maarifa nalo lidaiwe ushahidi, na stadi za kutafuta taarifa zifundishwe kwa ajili hiyo.

Tuchukue mfano mmoja tuukalie. Mwanafunzi wa uzamili anataka kuandika kuhusu kumbukumbu za Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, katika eneo la Songea. Anafungua Google Scholar, anaandika "Vita vya Majimaji Songea", anapitia ukurasa wa kwanza na wa pili, kisha anaandika ile sentensi.

Amekosa nini? Amekosa kwanza kwa tahajia tu. Vita hivi vimeandikwa Majimaji, Maji Maji na Maji-Maji, na hifadhidata huweza kuziona hizo kuwa namna tofauti. Halafu amekosa kwa lugha. Gavana wa Kijerumani wakati vilipozuka, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake mwaka 1909 kwa jina la Deutsch-Ostafrika im Aufstand 1905/06. Neno maji halimo. Anayemtafuta Götzen lazima aandike Aufstand, yaani maasi, pamoja na jina la koloni, Deutsch-Ostafrika. Mafaili ya ofisi ya makoloni ya Ujerumani yako Bundesarchiv, Berlin, chini ya alama R 1001, na mengi yamewekwa mtandaoni. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya utawala huohuo. Karatasi iliyofungwa kamba ndani ya boksi haionekani kwenye Google.

Lakini hasara kubwa iko karibu zaidi. Mwaka 1968 Idara ya Historia hapa Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini, katika maeneo yaliyopigana, wakawahoji wazee ambao baadhi yao waliviona vita kwa macho yao. Maandishi hayo yalikusanywa chini ya jina la Maji Maji Research Project. Mwaka uliofuata O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakachapisha The Maji Maji War in Ungoni. Angalieni jina hilo. Linahusu nchi ya Songea, ila neno lililotumika ni Ungoni, kwa hiyo linaweza kumpita hivihivi mwanafunzi wetu aliyeandika "Songea". Sasa yuko Songea na dodoso lake, anawauliza wajukuu, hajui kwamba babu zao walishahojiwa na maneno yao yamo maktabani. Angeweza kulinganisha vizazi viwili vya kumbukumbu. Hiyo ingekuwa tasnifu nzuri kuliko aliyonayo, na anaweza kuikosa kwa kutofikiria neno moja.

Upo pia utenzi uliojificha. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, kisha mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Jarida hilo ni lilelile tunaloliita leo Kiswahili. Lilianza kama taarifa ya Kamati iliyoundwa mwaka 1930, na katikati likaitwa Swahili. Anayetafuta kwa jina la leo tu anaipoteza miongo ya mwanzo yote. Nawasihi wanafunzi wa isimu na fasihi walichukulie hili kama jambo la kwanza kujifunza: majarida hubadili majina, na katalogi huyatenga.

Njia ya kuyafikia haya yote si ngumu. Unashika kazi moja nzuri ya karibuni, kwa mfano mkusanyo wa James Giblin na Jamie Monson kuhusu Maji Maji uliotoka 2010, unasoma tanbihi zake moja baada ya nyingine, unarudi nyuma. Kisha unageuka, unatazama nani wamenukuu kazi hiyo baada ya kutoka. Saa mbili za kusoma tanbihi huzaa kuliko siku nzima ya kubonyezabonyeza.

Kuna tatizo jingine ambalo miongozo mingi hailigusi, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya lugha zetu. Mwanafunzi hufundishwa kuweka kinyota mwishoni mwa neno ili mashine ilete maneno yote yenye mzizi mmoja. Kwa Kiingereza kinyota hicho kinafanya kazi vizuri. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mkulima, wakulima, kilimo, ukulima. Kinyota cha mwisho hakiyakusanyi, na hifadhidata nyingi hazikubali kinyota cha mwanzo. Dawa ni kuyaorodhesha maumbo yote na kuyaunganisha kwa OR kwa herufi kubwa, kama mashine inavyotaka, na kuandika istilahi ya Kiingereza pembeni, maana makala nyingi za Kiswahili zina ikisiri ya Kiingereza.

Kuhusu milango ya kuingilia kwenye majarida na hifadhidata nitasema machache, kwa kuwa wenzetu wa maktaba wataionyesha. Research4Life, iliyoanza mwaka 2002 na Hinari kwa upande wa afya, sasa inagusa pia kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, na taasisi za nchi zenye kipato cha chini zaidi huitumia bila malipo. AJOL, iliyoko Afrika Kusini, inakusanya majarida ya Afrika ambayo mengi hayamo katika hifadhidata kubwa za kulipia. Vyuo vyetu hununua majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, COTUL, kama Wakenya wanavyofanya kupitia KLISC. Wapo wanafunzi wanaolipia makala kwa pesa zao, makala ambazo chuo kimeshazilipia, kwa sababu tu hawajawahi kuomba nywila ya maktaba. Na tasnifu za zamani, ambazo mara nyingi ndizo zinazogusa kata au wilaya yako hasa, nyingi zipo kwa karatasi tu. Ziendeeni kwa miguu.

Programu za akili bandia zinatumika humu ukumbini, tusidanganyane. Zinafaa kukupa visawe vya kutafutia. Hazifai kukupa marejeo, kwa kuwa zinaweza kubuni mwandishi, mwaka, jarida, hata namba za kurasa. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Rejeleo ambalo hujaishika makala yake mkononi au kwenye skrini lisiingie katika tasnifu.

Tufundisheje, basi? Utaratibu wa sasa katika vyuo vingi ni semina elekezi ya siku moja, wiki ya kwanza, mwanafunzi akiwa hana hata swali la utafiti. Mkutubi anaonyesha hifadhidata kumi, watu wanapiga makofi, wanakwenda kula. Ningependa somo hili lisogezwe hadi wakati wa kuandika dhana ya utafiti, na kila mwanafunzi awe na daftari la utafutaji: tarehe, mahali alipotafuta, maneno aliyoandika, idadi ya matokeo, na alichokichukua. Daftari hilo liambatanishwe na pendekezo, msimamizi alisome, na mkutubi wa fani husika akae kwenye jopo siku ya uwasilishaji akiwa na haki ya kuuliza. Najua wasimamizi mtasema kazi ni nyingi. Kusoma kurasa nne za daftari ni kazi ndogo kuliko kumrudisha mtu uwandani mwaka wa tatu, baada ya mtahini wa nje kumwonyesha kitabu cha 1969.

Baada ya chai tutahamia chumba cha kompyuta. Kila mmoja aje na swali lake la utafiti likiwa limeandikwa kwa sentensi moja, pamoja na majina yote, ya zamani na ya sasa, ya mahali na ya jambo analolitafiti. Wenye swali ambalo halijakaa sawa wakae meza ya mbele, karibu na wakutubi.