Muwa Uliokatwa Ungali Hai
(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Mikumi)



Tangu kiwanda cha Ruembe kianze kazi mwaka 1976, upande huu wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, muwa umelisha na kusomesha watoto wengi, na pia umegombanisha watu wengi. Wanachama wawili wamepakana mashamba, mbegu yao ni moja, uzito wa mizani unakaribiana, lakini malipo yanatofautiana. Hapo maneno huanza: karani amekula. Yawezekana yupo karani mwizi, nami sikuja kumtetea. Hata hivyo, kabla ya kumshika mtu ukosi, yafaa tuutazame muwa kwa ndani, maana hatulipwi kwa uzito tu, bali na kwa kiwango cha sukari.

Kateni pingili moja kwa upana. Nje pana ganda gumu lenye nta. Ndani mtaona vidoa vingi vilivyotawanyika, vikisongamana zaidi karibu na ganda. Kila kidoa ni fungu la mishipa: mingine hupandisha maji kutoka mizizini, mingine husafirisha chakula kilichotengenezwa na majani. Hizo ndizo nyuzi mnazotema mkitafuna. Kati ya vidoa mna nyama laini, nayo ni mkusanyiko wa seli, yaani vyumba vidogo mno. Seli nyingi zenye kazi moja huitwa tishu. Katika tishu hii kila seli ina mfuko wa maji, na humo ndimo sukari inamowekwa. Muwa, basi, hauna tangi moja la sukari. Una vijighala visivyohesabika, kila kimoja na ukuta wake.

Vijighala hivyo hujaa kuanzia chini. Pingili za karibu na ardhi hukomaa kwanza. Za kileleni zingali zikikua. Mkataji anayeacha kisiki kirefu na kupakia vilele ameacha shambani kilicho bora.

Sasa lililo zito. Wenzetu wa mkonge, huko Kimamba na Rudewa, huuza nyuzi ambazo seli zake zimekwisha kufa. Zikisafishwa na kukaushwa, zinaweza kungoja ghalani. (Jani lenyewe halingoji, na hilo wanalijua.) Muwa sivyo. Seli za muwa uliokatwa zingali hai, zinapumua, na katika kupumua zinatumia ile ile sukari tunayotaka kuiuza. Humo pia mna vimeng'enya vinavyoivunja sukari ya muwa kuwa glukosi na fruktosi. Ulimini ni tamu, kiwandani hazigandi kuwa punje. Bakteria nao huingia penye jeraha la panga na kufanya utelezi. Moto huongeza kasi ya yote hayo: huyeyusha nta, hupasua ganda na kuua seli, na ukuta wa seli ukishaharibika, vilivyokuwa vimetengwa huchanganyika. Tena karibu sehemu 7 kati ya 10 za muwa ni maji, hivyo ukilala juani hata uzito hupungua.

Kwa hiyo mwanachama aliyechoma Jumatatu na kupimiwa Jumanne, na jirani yake aliyengoja lori mpaka Ijumaa, hawakupeleka zao moja.

Ndugu Makatibu, kitabu cha mavuno kiongezwe safu tatu: saa ya kuchoma, saa ya kukata, saa ya kupimwa. Lori likichelewa, chama kitakuwa na ushahidi wa kumdai msafirishaji, badala ya kunung'unika. Kamati isiruhusu moto kabla magari hayajathibitishwa. Na mjumbe wa kamati anayechoma shamba lake nje ya zamu, akawatangulia wenzake kwenye foleni, huyo anakula sukari ya wenzake hata kama hakugusa senti moja ya chama. Mkutano mkuu una haki ya kumwuliza.

Safu hizo nitazitazama katika ukaguzi ujao, kabla sijafungua daftari la fedha.