Choo cha Boti Yetu na Maji ya Majirani

Haya ni maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika za visiwani na wageni wafadhili, baada ya ukaguzi wa boti ya huduma za afya katika Ziwa Victoria.



Nimeombwa niseme juu ya choo cha boti. Najua baadhi yenu mlicheka mlipoona jambo hili kwenye ratiba. Naomba mnisikilize, maana choo hiki kilitutia aibu, nami ni wa kwanza kustahili aibu hiyo.

Boti yetu ilipotengenezwa, fundi alifunga choo cha kawaida cha nyumbani, kwa kuwa vyoo maalumu vya vyombo vya majini vilituzidi bei. Chini yake aliweka tangi la maji machafu la lita 400, ili linyonywe na gari turudipo bandarini. Hakuna aliyepiga hesabu. Choo kile kilitumia lita 9 kila kilipovutwa. Watu 9 wakienda chooni mara 5 kwa siku, hizo ni lita 405. Tangi lilijaa siku ya kwanza, na safari yetu ni ya siku 3.

Tulifanya nini? Usiku nahodha alifungua koki ya chini, uchafu ukaenda ziwani. Mimi nilijua, nikanyamaza. Na mchana tulikuwa tukigawa dawa za kichocho! Ninyi mnafahamu kwamba mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na haja kubwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake huingia kwenye konokono, na baadaye hutoka na kumwingia mtu kupitia ngozi anapooga, anapofua au anapovua. Asubuhi moja mama mzee aliyekuja kuchota maji alimwuliza muuguzi wetu, "Mwanangu, jana mlitufundisha tusijisaidie ziwani. Ninyi mnajisaidia wapi?" Muuguzi akanitazama mimi. Sikuwa na jibu.

Tungeweza kuandika ombi la fedha za choo kipya. Tuliona kwanza tukitengeneze hiki tulicho nacho. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1999 zilitaka vyoo vipya vinavyofungwa tangu 2001 visitumie zaidi ya lita 6 kwa kuvuta mara moja. Kwa hiyo tulijua lita 9 si lazima.

Kwanza, tulipima. Tulifunga maji yanayoingia, tukaweka alama ndani ya tangi dogo la choo, tukavuta, kisha tukalijaza kwa jagi hadi kwenye alama huku tukihesabu lita.

Pili, tulishusha boya ili maji yakome chini zaidi. Tulipunguza kidogo kidogo na kujaribu kila mara. Tulipofika lita 4, uchafu haukuondoka wote, ikabidi kuvuta mara mbili, na hapo hakuna akiba tena. Tukarudi lita 5. Anayetaka anaweza pia kuweka ndani ya tangi chupa ya lita moja iliyojazwa maji na mchanga na kufungwa vizuri, mradi isiguse boya. Asiweke tofali, kwa sababu humomonyoka na chembe zake huharibu mpira.

Tatu, tulichunguza mpira wa chini ya tangi. Tulimimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi tukaacha bila kuvuta. Baada ya nusu saa rangi ilionekana kwenye sinki la choo, maana yake maji yalikuwa yakivuja mchana na usiku. Tukabadilisha mpira.

Nne, tuligundua jambo ambalo nyumbani halipo. Boti inapoyumba, boya nalo huyumba, maji huingia bila sababu na kumwagikia chooni kupitia bomba la kuzuia kufurika. Sasa koki ya kuingiza maji inafungwa wakati wote, na hufunguliwa tu wakati wa kujaza tangi.

Tano, kwa haja ndogo tunatumia jagi la lita moja na nusu, tukimimina kwa nguvu. Yanatosha pia kuacha maji kwenye shingo ya choo ya kuzuia harufu.

Kuna waliosema, "Maji ziwani si tele? Kwa nini tubane?" Ndugu zangu, shida yetu haikuwa maji yanayoingia. Hata ukivuta kwa maji ya ziwa, tangi la chini linajaa vilevile.

Hesabu ya leo ni hii. Kila mtu huenda haja ndogo mara 4 na kubwa mara 1, jumla lita 11. Kwa watu 9 ni lita 99 kwa siku. Pamoja na uchafu wenyewe, tuseme lita 120. Kwa siku 3 ni lita 360, na tangi bado lina nafasi.

Natoa tahadhari kwa sharika zinazotaka kufanya hivi kwenye nyumba za wageni. Bomba la boti ni fupi na linashuka wima. Penye bomba refu lililolala, maji yakiwa machache mno uchafu hukwama njiani. Jaribuni taratibu.

Mwisho, koki ya chini sasa ina kufuli. Ufunguo hatukai nao sisi wafanyakazi. Anao mwenyekiti wa kamati ya visiwani, naye husoma kipimo cha tangi tunapoondoka na tunaporudi. Nawaomba mwendelee kutukagua bila kutuonea haya. Yule mama bado anachota maji pale pale, nami safari ijayo nitakwenda kumpa jibu lake.