Figo, Mapafu na Kikohozi Kisichoisha



Jambo tunalolizungumzia leo linaonekana la kitaalamu, lakini linamgusa kila anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa mwenye pumu.

Shinikizo la damu linaposhuka, figo hutoa renini, iliyogunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman huko Stockholm. Renini hukata protini itokayo kwenye ini, ikapatikana anjiotensini ya kwanza, ambayo haina nguvu. Ikipita katika mishipa midogo ya mapafu, kimeng'enya kilichopo humo huigeuza kuwa anjiotensini ya pili. Hiyo ndiyo hubana mishipa, na shinikizo hupanda.

Mapafu, basi, si ya kupumulia tu. Mwaka 1994 watafiti wa Glasgow, Uskoti, walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa waliofikishwa hospitalini na pumu kali walikuwa na anjiotensini ya pili nyingi katika damu. Wenye pumu nafuu walipowekewa homoni hiyo mshipani, njia zao za hewa zilibana. Hata hivyo, dawa za kuzuia mfumo huu hazijawa tiba ya pumu.

Kimeng'enya hicho kina kazi nyingine: kuvunja bradikinini, kemikali inayochokoza njia za hewa. Dawa kama kaptoprili na enalaprili hukizuia. Shinikizo hushuka, lakini bradikinini huongezeka, na baadhi ya watumiaji hupata kikohozi kikavu, pengine miezi kadhaa baada ya kuanza dawa.

Hapa ndipo penye hatari. Kikohozi hicho huweza kudhaniwa kuwa pumu. Mgonjwa huongezewa dawa zisizomfaa, au huchoka na kuacha dawa ya shinikizo kimya kimya, hadi kiharusi kimkute. Akibadilishiwa akapewa propranololi bila kuulizwa habari za pumu, kifua chaweza kumbana vibaya. Losatani huzuia anjiotensini ya pili bila kugusa kimeng'enya, na kwa kawaida haileti kikohozi hicho.

Kwa hiyo tunaziomba kamati:

1. Kuwahimiza wagonjwa waandikiwe pumu na shinikizo katika daftari moja la matibabu.

2. Kumpeleka zahanati anayekohoa zaidi ya wiki 2, akiwa na dawa zake zote mkononi. Apimwe kifua kikuu pia, wala asiache dawa bila ushauri wa mganga.

3. Kumwahisha hospitali anayevimba midomo, ulimi au uso.

Na ninyi wafadhili, mnaponunua mashine za kupimia shinikizo, kumbukeni pia dawa mbadala. Kumpima mtu na kumwambia anaumwa, kisha akakosa dawa anayoweza kuivumilia, ni kumsaidia nusu.